Kigurudumu Kisicho na Jina

Siku ya tatu baada ya maji ya mto kushushwa, harufu ya tope ilikuwa imeingia hadi ndani ya mahakama ya Cedar Lick, na watu walikuwa wameshaizoea. Lango la zamani la maji lilikuwa likikarabatiwa, kwa hiyo mto Kentucky, ambao kwa kawaida hupita pale mpana na mzito, ulikuwa umebaki kijito chembamba katikati ya bonde la kijivu. Ukungu wa Agosti haukujua pa kwenda, maana maji uliyoyazoea hayakuwapo. Ulizurura mitaani mpaka saa nne asubuhi, ukigusa madirisha ya maduka kama mtu anayeitafuta nyumba aliyowahi kukaa.

Mpelelezi Orrin Stamper wa polisi wa jimbo alikuwa amekaa mbele ya meza ya Fenwick Dade. Dade alikuwa mchunguzi wa vifo wa kaunti, na pia ndiye mzishi wa mji, kwa hiyo ofisi yake ilinukia maua. Kati yao, juu ya taulo jeupe, kulikuwa na kigurudumu cha mshipi: kile kifaa ambacho mvuvi hukifunga kwenye ufito wake na kukizungusha ili amvute samaki. Kilikuwa kidogo, kinaenea kwenye kiganja, cha shaba ya njano na madini meupe yanayofanana na fedha. Kilikuwa kimelala ndani ya tope kwa muda mrefu kuliko umri wa wote wawili.

Dade alimsomea ripoti kwa sauti yake ya msibani. Mafundi wa lango walikuwa wamekuta mashua ndogo iliyozama, na ndani yake mifupa ya mwanamume mtu mzima. Fuvu halikuwapo, mto ulikuwa umelichukua. Daktari wa jimbo alikadiria mifupa hiyo ilikaa majini miaka sitini au zaidi. Nguo zilikuwa zimeoza zote. Kigurudumu kilikutwa chini ya mbavu, kana kwamba marehemu alikuwa amekilalia.

Kumbukumbu za mji zilionyesha kwamba watu wawili walipotea Cedar Lick katika mafuriko ya Machi 1899. Mmoja alikuwa wakili Breckon Mayhall, ambaye familia yake ilisema siku zote kwamba alikwenda Magharibi kutafuta ardhi na habari zake zikakatika. Wa pili alikuwa mtu mweusi aliyeitwa Ansel Crutcher. Huyu hakuna aliyemtafuta, kwa sababu wiki ileile dobi mmoja wa kike, Rosetta Minnis, naye aliondoka bila kuaga, na mji mzima ukajumlisha moja na moja. Wakasema wametorokea Cincinnati.

Dade alieleza kwamba mtaalamu wa vitu vya kale kutoka Louisville alikuwa amekiangalia kigurudumu kwa dakika kumi. Alisema hakina jina wala namba, lakini mkono uliokitengeneza ni wa Thaddeus Goodloe, fundi saa wa Cedar Lick, ambaye vigurudumu vyake hadi leo vinawekwa kwenye majumba ya makumbusho. Wakili Mayhall alikuwa mteja wa Goodloe. Mjukuu wake, Whitley Mayhall, alikuwa ameshachimbisha kaburi kwenye makaburi ya familia.

"Ijumaa saa sita mchana nasaini," Dade alisema. "Labda uniambie kuna sababu ya kutosaini."

Stamper alimuuliza kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeiomba mifupa hiyo. Dade alitazama dirishani. Alikiri kwamba binti wa Ansel Crutcher, Bi Idella, mwenye miaka themanini na minne, alikuja siku ileile ya kwanza, kwa miguu, akaandikisha jina lake, akaondoka. Dade alikuwa ameihifadhi ile karatasi. Hakuwa ameifanyia kitu.

Ilikuwa Jumatano. Stamper alikifunga kigurudumu kwenye taulo, akakitia kwenye mfuko wa koti, akatoka kwenda kuwaona akina Mayhall.

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, mahali ambapo ukungu ulikuwa unafika kiunoni tu. Whitley Mayhall, mwenye ghala kubwa la tumbaku, alimpokea kwa ukarimu wa mtu ambaye mambo yake yameshanyooka. Mkewe, Corinne, alileta chai baridi yenye majani ya mnanaa, akakaa kwenye kiti cha mbali. Ukutani palikuwa na picha ya rangi ya wakili mwenyewe, amesimama kando ya mto, ufito umeshikwa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia uko juu ya kigurudumu. Mchoraji alikuwa mtu makini. Alikuwa amechora hata herufi za jina la Goodloe kwenye bamba.

Stamper aliuliza kigurudumu cha kwenye picha kiko wapi. Whitley alicheka, akasema si ndicho hicho ulichonacho mfukoni. Stamper akamjibu kwamba cha mfukoni hakina jina. Whitley akasema basi babu alikuwa na viwili. Watu wa enzi ile hawakuwa wabahili kama wa leo. Stamper aliandika jibu hilo kwenye kijitabu chake kama lilivyosemwa. Alipoinua macho alikuta Corinne Mayhall anaitazama ile picha, siyo kwa mapenzi, bali kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kupita muda wake.

Duka la Lemuel Pruett lilikuwa nyuma ya benki ya zamani. Mzee Pruett alikuwa fundi saa wa mwisho mjini, mzungu mwembamba mwenye vidole virefu, na zaidi ya saa alizipenda kazi za Goodloe. Dukani mwake kulikuwa na saa kama hamsini, na hakuna mbili zilizokubaliana. Moja iligonga saa tatu, ikafuata nyingine na saa saba, na mwanga uliopita kwenye kioo chenye vumbi ulikuwa wa asali. Mtu akikaa mle kwa muda alianza kuona kwamba siku yenyewe haijaamua iko wapi.

"Wamemleta yule wa Louisville," Pruett alisema, akivuta taa. "Ana digrii mbili na hana bisibisi hata moja. Kigurudumu hakitazamwi kwa nje, Orrin. Hata mke humjui kwa kofia yake."

Alifanya kazi polepole, kwa mafuta na brashi laini, mpaka skrubu zikakubali. Alizitoa moja moja na kuzipanga kwenye kitambaa. Stamper hakumharakisha. Kwa Goodloe, Pruett alieleza, kila skrubu ilitengenezwa kwa ajili ya tundu lake peke yake. Ukiipeleka kwenye tundu la jirani haishiki. Kwa hiyo fundi alilazimika kuweka alama, kwenye kichwa cha skrubu na pembeni ya tundu, ili anayekifungua asipotee. Alimpa Stamper lenzi.

Stamper aliangalia. Pembeni ya tundu la kwanza kulikuwa na kitone kimoja, kama alama ya sindano. La pili lilikuwa na viwili. La tano lilikuwa na vitano, vimepangwa kama kwenye uso wa dadu.

 Pruett aliinuka, akafungua sanduku, akatoa madaftari matatu. Kwa miaka arobaini alikuwa amekarabati vigurudumu vya Goodloe vilivyoletwa kwake na wakusanyaji, na kila kimoja alikiandika: namba yake, mwaka wake, alama zake za ndani. Stamper alimwomba asome kwa mfululizo. Mzee akasoma, na huku akisoma sauti yake ikawa inapungua. Hadi kigurudumu namba 211, cha mwaka 1891, alama zilikuwa tarakimu: moja, mbili, tatu. Kuanzia 214 zilikuwa vitone. Vitone viliendelea mpaka 340, mwanzoni mwa 1899. Kilichofuata, 341, kilikuwa na tarakimu tena.

"Na kazi yenyewe?" Stamper aliuliza. "Vya tarakimu na vya vitone ni sawa?"

Pruett alifunga daftari.  Alisema vile vilivyo kwenye majumba ya makumbusho, vile ambavyo watu husafiri kutoka majimbo mengine kuja kuviona, vyote ni vya kati ya 214 na 340. Vya kabla ni vizuri. Vya baada yake, alikuwa akijiambia siku zote, ni vya mzee aliyechoka.

Stamper aliuliza nani mwingine alifanya kazi kwenye duka la Goodloe. Hakuna, Pruett alisema. Goodloe alifanya kazi peke yake, kila mtu anajua hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amelisema hilo kwenye hotuba kanisani na shuleni. Hata hivyo alikichukua tena kigurudumu, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, na uso wake ukabadilika.

"Kimegeuzwa," alisema. "Mkono wake wa kuzungushia uko upande wa kushoto. Hiki kimetengenezewa mtu wa mashoto. Na tazama vitone. Kila kimoja kimeinua ukingo kidogo upande mmoja. Aliyevigonga alishika nyundo kwa mkono wa kushoto."

 Stamper alikuwa anaifikiria picha ya kule kilimani, mkono wa kulia juu ya kigurudumu. Akauliza swali moja la mwisho: je, Goodloe aliwahi kuuza kigurudumu bila jina na namba? Pruett akasema kamwe. Jina ndilo lililokuwa biashara yake. Kisicho na jina hakikutoka dukani kwa ajili ya mteja.

Alhamisi asubuhi Stamper alikwenda maktaba. Katika kitabu cha wakazi wa mji cha mwaka 1898, chini ya anwani ya duka la Goodloe, alikuta mistari miwili. Goodloe, Thaddeus, fundi saa. Crutcher, Ansel, mtu mweusi, mfagiaji. Alinakili mistari yote miwili, kisha akampitia Mzee Pruett dukani na kumwambia alete lenzi yake.

Bi Idella Crutcher aliishi Lime Hollow, bondeni nyuma ya kanisa la watu weusi, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza kilichozungukwa na maua ya waridi. Alitembea akiegemea upande, maana mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo. Aliwakaribisha jikoni, akawakatia mkate wa mahindi, akawamiminia mtindi, na hakukubali kuulizwa kitu mpaka walipokula. Alimtazama Stamper akitafuna.

"Wewe unavua, Bwana Polisi?"

Stamper alisema havui.

"Inaonekana. Unakula kama mtu anayeogopa gari litamwacha."

Pruett alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi, na bibi alianza kueleza. Baba yake, alisema, alikuwa mfagiaji kwa mujibu wa mji. Lakini jioni aliporudi nyusi zake zilikuwa zinang'aa kwa vumbi la shaba, na mama yake alizipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kabla hajamruhusu kubeba mtoto. Mfagiaji gani ana shaba kwenye nyusi? Aliwahi kumuuliza baba anafanya nini huko dukani. Baba akamwambia anafagia, na kwamba wakati mwingine takataka zinahitaji kufagiwa kwa tupa.

Stamper aliuliza baba huyo alikuwa wa mkono gani. Wa kushoto, Bi Idella alisema. Mwalimu wake wa utotoni alimchapa sana kwa ajili hiyo na hakufaulu. Bibi aliikumbuka vizuri asubuhi ya mwisho. Mafuriko yalikuwa yameanza kupungua, na baba alisema samaki wakubwa huwa wamejificha kwenye maji yaliyotulia nyuma ya lango. Aliondoka kabla ya kifungua kinywa. Idella alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mchana watu walianza kuja, mmoja mmoja, na kwanza walikuja kuuliza, halafu wakaja kupasha habari za Rosetta Minnis. Rosetta alikuwa rafiki wa mama yake. Mama, ambaye jina lake lilikuwa Zipora, alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani. Mwezi uliofuata walimvua uongozi, wakisema ulimi wake ndio uliomfukuza mume. Aliishi miaka thelathini na miwili baada ya hapo, na kila Jumapili alikaa kiti cha nyuma kabisa.

"Je, kuna kitu chochote alichokitengeneza kwa mkono wake?" Stamper aliuliza. "Chochote, Bi Idella. Hata bawaba ya mlango."

Bibi aliwatazama wote wawili kwa zamu. Kisha akaenda chumbani, na walimsikia akivuta sanduku. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye shuka la mtoto, akakiweka mezani, akakifungua.

Kilikuwa chuma cha kushikilia mguu. Cha mguu wa mtoto wa miaka minne, kidogo sana, chenye fito mbili nyembamba, mikanda ya ngozi iliyokakamaa, na kwenye goti bawaba ya shaba iliyokerezwa kwa ustadi hivi kwamba bado ilikunjuka bila sauti.

"Nilizaliwa mguu umepinda," Bi Idella alisema. "Daktari alisema nitatambaa. Baba akasema tutaona."

Pruett hakukigusa kwanza. Alipangusa mikono kwenye suruali, akainama na lenzi yake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, shingo imekunjwa kama kondoo anayekunywa maji. Kisha alimpa Stamper lenzi. Kwenye bawaba kulikuwa na skrubu tano. Pembeni ya ile ya kwanza, kitone kimoja. Pembeni ya ile ya pili, viwili. Na kila kitone kilikuwa kimeinua ukingo upande uleule.

Stamper aliuliza kilitengenezwa mwaka gani. Mwaka tisini na moja, bibi alisema, kiangazi.

"Kwa nini vitone? Kwa nini asiandike moja, mbili, tatu, kama Goodloe?"

Bi Idella alimshangaa. Kwake hilo halikuwa fumbo hata kidogo.

"Mama hakujua kusoma, mwanangu. Hata tarakimu. Kila jioni ilibidi anifungue mguu anioshe, halafu anifunge tena, na skrubu zile ukizichanganya hazikai. Usiku wa kwanza alizichanganya akalia. Kesho yake baba akatia vitone. Kuhesabu vitone mama aliweza, kwa kidole."

 Nje mtu alikuwa anakata majani, na sauti ya mashine ilikuja na kwenda kama nyuki aliyelala. Mzee Pruett alikuwa amekaa na mikono magotini. Miaka arobaini, alisema mwishowe, alikuwa amewaambia watoto wa shule kwamba vile vitone ni ustadi wa siri wa bwana mkubwa. Kumbe mtu alikuwa ameizoea alama ya nyumbani kwake, akaenda nayo kazini.

Ijumaa chumba kidogo cha mahakama kilijaa kabla ya saa sita. Dade aliongoza shauri. Whitley Mayhall alikaa mbele na mkewe. Bi Idella alikaa upande wa pili, kofia ya buluu kichwani, mgongo wima. Stamper aliweka kwenye meza kigurudumu kilichofunguliwa, chuma cha mguu, madaftari ya Pruett na nakala ya kitabu cha wakazi, kisha akaeleza kwa mpangilio bila kupamba. Aliyekitengeneza kigurudumu hiki alitumia vitone. Vitone vilianza dukani kwa Goodloe mara tu baada ya chuma hiki kutengenezwa, na vilikoma mwaka uleule Ansel Crutcher alipotoweka. Vyote viligongwa kwa mkono wa kushoto. Kigurudumu kimetengenezewa mtu wa mashoto, na hakina jina, kwa hiyo hakikuwa cha kuuzwa. Fundi alikitengeneza kwa ajili yake mwenyewe. Pruett alisimama akathibitisha kila neno kuhusu alama, na aliposema jina la Goodloe alilisema kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Whitley alisimama. Hakupandisha sauti. Alisema anaheshimu huzuni ya bibi, lakini kaunti inaombwa iamini kwamba mfagiaji alitengeneza vitu ambavyo dunia nzima inavipigia saluti. Na hata kama ndivyo, fundi huyo angeweza kumtengenezea wakili zawadi. Stamper akamkumbusha picha ya ukutani na mkono wa kulia. Whitley akasema mchoraji huchora anavyopenda. Babu yake alikufa katika mto ule, alisema, na familia imesubiri miaka sabini na miwili kumzika.

Dade alikuwa anazungusha kalamu mezani. Ilionekana wazi kwamba angependa kuahirisha.

"Whitley," Corinne Mayhall alisema. "Kaa chini."

Alisema polepole, akiwa bado amekaa, mkoba mapajani. Mumewe aligeuka. Yeye hakumtazama.

"Babu yake hakufa mtoni. Alikufa St. Louis mwaka kumi na moja, kitandani, kwa kifua. Barua zake ziko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani kubwa. Mama mkwe alinikabidhi ufunguo mimi. Na yule dobi hakutoroka na mtu mwingine. Alitoroka na yeye. Waliishi nyumba moja miaka kumi na miwili, wakiwaambia majirani kuwa ni mtumishi wake. Nyumba yetu ilijua tangu mwaka ule ule. Tuliacha watu waseme walichokuwa wanasema, kwa sababu kilitusaidia."

Whitley alikaa.  Dade alichukua karatasi iliyokuwa imeshaandaliwa, akalikata jina lililokuwapo, akaandika jingine juu yake, akasaini. Saa ya mahakama ilikuwa haijafika sita na nusu.

Watu walikuwa wanatoka taratibu, wakikwepana macho. Corinne alimsogelea Bi Idella, akasimama mbele yake kama mtu asiyejua aweke wapi mikono, akaanza kuomba radhi. Bi Idella alimnyamazisha kwa kuinua kidole kimoja.

"Usiniambie mimi, binti. Mimi nilijua baba yangu ni nani. Njoo Jumapili, saa tano. Uyaseme kule kule walikomsema mama yangu."

Corinne alikwenda. Alikuwa mzungu pekee kanisani ukimwacha Stamper, aliyekaa nyuma, na Mzee Pruett aliyevaa tai ya arusi yake. Aliposimama hakutumia maneno mengi, na alilitaja jina la Zipora Crutcher waziwazi. Hapakuwa na makofi wala nyimbo. Mchungaji alimwomba katibu alete kitabu cha zamani cha kina mama, na mbele ya watu wote, kwa wino mweusi, jina lililokuwa limefutwa likaandikwa upya mahali pake, pamoja na cheo chake. Jeneza la Ansel, la mti mzuri, alilolitoa Dade mwenyewe, lilikuwa limewekwa mbele. Walimzika ubavuni mwa mkewe, mvua nyembamba ikianguka huku jua likiwaka.

Wiki mbili baadaye mto ulirudishwa. Siku hiyo Pruett alimpigia Stamper simu, wakaenda pamoja Lime Hollow. Mzee alikuwa amekisafisha kigurudumu, akakifunga upya, kila skrubu kwenye kitone chake. Mhimili wa chuma ulikuwa umeliwa na kutu, na hilo alilikiri kama mtu anayekiri dhambi: alilazimika kukereza mpya. Kila kitu kingine, alimwambia bibi, ni cha baba yako.

Bi Idella alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni. Alikichukua kwa mkono wa kulia, akakigeuza mara mbili, akakirudisha. Alimwambia Pruett akizungushe, maana yeye hajui.

Pruett alikiweka karibu na sikio la bibi, akausukuma mkono wake wa kuzungushia kwa ncha ya kidole, mara moja tu, akauacha. Hakikulia. Kilitoa sauti ndogo isiyo na mwanzo, kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, nayo ikaendelea. Chai ilipoa. Mwanga ulisogea kidogo juu ya kitambaa cha meza. Stamper, ambaye kwa kazi yake alikuwa na mazoea ya kupima muda, alijikuta hajapima. Bibi alikuwa amefumba macho. Kigurudumu kilizunguka, kikazunguka, kikapungua bila haraka, hatimaye kikasimama.

Bi Idella hakufumbua macho.

"Tena," alisema.